Gari la mbio la zamani Malindi: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Subaru Impreza yangu ya kwanza niliinunua hapa hapa Malindi, kwa mtu ambaye ua wake ulitazamana na bahari. Rangi ya buluu inang'aa, turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, inapiga mluzi, nami nimeshalewa. Siku ya tatu nikaipeleka gereji. Fundi akaipiga jeki, akachukua bisibisi na kuichomeka kwenye kizingiti cha mlango. Ikazama mpaka mpini. Akanitazama, akasema, "Shekhe, umenunua rangi."

Tangu siku hiyo, kabla sijauliza habari za turbo, nauliza gari limelala wapi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kila Toyota Altezza, Mitsubishi Evo (Lancer Evolution) au Volkswagen Golf ya zamani utakayoonyeshwa ina miaka mingi hapa nchini. Ama imekulia bara, ama imekulia pwani. Mimi nitachukua ya bara yenye kilomita 180,000 nikaiacha ya pwani yenye 110,000. Injini unaweza kuitengeneza. Bodi iliyoliwa na chumvi hutaimaliza: unachomelea huku, kutu inachungulia kule.

Basi nenda kulitazama asubuhi, na umwambie mwenyewe asiliwashe mpaka ufike. Gusa boneti, ikiwa na joto, ujue kuna kitu amekificha. Injini ya baridi ndiyo husema kweli: moshi wa buluu ni oili inaungua, mlio wa chuma ukiisha baada ya dakika moja bado ni mlio. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, uipitishe juu ya matairi na chini ya milango. Pale inapokataa kushika pana puti, si bati. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, tazama shimo lake. Tazama pia mabomba ya breki huko chini, maana hayo yakiliwa hutajua mpaka ukanyage. Kisha washa AC, acha gari lisimame na kunguruma dakika 20, uangalie mshale wa joto. Jua la Februari hapa, kaskazi inavuma na unyevu tele, halina huruma na rejeta iliyochoka.

Sasa nafasi zenyewe. Nimezipanga kwa mtu wa Malindi anayetaka kuliendesha gari lake, asiye na haja ya kulipiga picha tu.

La kwanza ni Toyota Mark X, ile yenye namba ya modeli GRX130, iliyotoka 2009 mpaka 2019. Watakaocheka na wacheke. Ile ya lita 2.5 ina silinda sita, nguvu za farasi 203, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na haina turbo ya kuungua. Haina mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini na hutakiwa kubadilishwa, ina mnyororo. Spea zake ukizikosa hapa, Mombasa ni kilomita 120 tu, jioni umeshazipata. Ugonjwa wake mkubwa ni masizi: petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, basi vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, zinaganda weusi. Ukisikia gari linatetemeka likiwa limesimama, anza na hapo. Ya lita 3.5 ina farasi 318. Kama una miaka 25, mwache mamako achague. Kasoro yake kwetu ni matuta, maana tumbo liko chini.

La pili ni Subaru Forester ya turbo, ile ya SG5 ya 2002 hadi 2007, na moyo wangu ndipo ulipo. Farasi 220 ndani ya gari linalopita matuta bila kusema bismillahi na linalofika Mayungu kwenye mchanga. Lakini lataka mtu mwenye adabu. Pima oili kila ukijaza mafuta, maana turbo ikikosa oili inakufa na kuiburuta injini. Ukitoka safari ndefu usizime papo hapo. Liache lingurume dakika moja au mbili. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na roli zake na pampu ya maji. Muuzaji akikuambia "umebadilishwa juzi" na hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, umpunguzie bei.

Altezza ni ya tatu, na hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana. Ziko mbili. RS200 ina silinda nne, farasi 210 ikiwa na gia sita za mkono. AS200 ina silinda sita na farasi 160, tamu kuendesha lakini si ya mbio. Nembo ya nyuma inanunuliwa mtaani, usiiamini. Soma namba ya chesisi: SXE10 ni RS200, GXE10 ni ile nyingine.

Golf GTI ya kizazi cha tano naipa nafasi ya nne kwa masharti. Ndani ya injini yake ya lita 2 mna kikombe kidogo cha chuma baina ya kemshafti (shafti inayofungua vali) na pampu ya mafuta ya presha. Kikitoboka, kemshafti inaliwa. Chenyewe ni cha bei ndogo, basi kifunguliwe kabla hujalipa. Gia za DSG, zile za otomatiki za Volkswagen, zinataka oili mpya kila kilomita 60,000. Kama huna fundi mwenye kompyuta ya Volkswagen, pita.

Impreza WRX na STI, za tano. Tangu dereva wa rali Colin McRae aishindie Subaru Safari Rally ya 1997, hakuna kijana asiyeitaka, na ndiyo shida: nyingi zimeshachapwa na kuongezwa presha ya turbo na watu wasiojua. Iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani ni adimu. Ukiiona, nipigie.

Mwisho kabisa ni Lancer Evolution. Dereva wa rali Tommi Mäkinen alishinda Safari nazo 1996 na 2001, nami nazipenda. Ila spea ni ghali, na Evo X, ile ya kumi, ina pampu ya kugawa nguvu za magurudumu ya nyuma iliyowekwa pale pale tairi linaporusha maji. Kwa hewa yetu, hiyo ni sadaka ya kutu.

Likishakuwa lako, maji ya kisima yasiguse rejeta. Visima vingi vya huku vina chumvi. Tumia kulanti, ile dawa ya kupoza injini, na maji yaliyotoneshwa (distilled) ya dukani. Lioshe chini kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi kila ukitoka ufuoni.

Na wewe wa Lamu unayeliacha Mokowe wiki nzima ukivuka kwa mashua: tafuta kivuli mbali na gati, toa waya wa betri, na umpe mtu unayemwamini ufunguo alitembeze hata kilomita 10. Kuliwasha tu na kulizima hakusaidii, maji yanabaki ndani ya ekzosti. Handibreki usiivute, acha kwenye gia, weka jiwe chini ya tairi.