Elite Hachezewi: Miezi Mitatu ya Halo Nyumbani Kakamega

Mashine ya gemu niliinunua mtumba, Xbox One, shilingi 17,500 pamoja na pedi mbili. Muuzaji alinitahadharisha kwamba pedi ya pili "inavuta kushoto kidogo". Hiyo kidogo yake nilikuja kuijua baadaye: ukiiweka mezani bila kuigusa, askari wako anaondoka mwenyewe taratibu mpaka anatumbukia korongoni. Ndiyo anayotumia mpwa wangu wa kidato cha pili akija likizo. Ameshaizoea, huizuia kwa kidole gumba hata akiwa anakunywa chai.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, Halo: The Master Chief Collection, mkusanyiko wa gemu kadhaa za Halo, na ndani yake adui mmoja tu, Elite. Mwaka 2001 watengenezaji wake, Bungie, walipotoa Halo ya kwanza, mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe upande wa Khayega, sijui Xbox ni mnyama gani. Elite nilikutana naye miaka mingi baadaye chuoni, chumbani kwa rafiki. Aliniua mara tisa mfululizo mahali pamoja, kisha rafiki yangu akazima mashine akasema ana mtihani kesho. Deni hilo sikuwahi kulisahau.

Kwa asiyemjua: kwenye Halo wewe ni Master Chief, askari wa deraya ya kijani, na unapambana na muungano wa viumbe wa anga unaoitwa Covenant. Wamo Grunt, vijitu vifupi vyenye kelele nyingi na moyo mdogo. Wamo Jackal, wanaojikinga kwa ngao ya mkononi. Wamo Hunter, wazito, wanaotembea wawili wawili, ambao ukishajua kwamba mgongoni wana nyama ya rangi ya chungwa isiyofunikwa, kazi imekwisha. Na yumo Elite. Mrefu kukushinda, mdomo wake ni taya nne, miguu imekunjika kama ya nyuma ya mbuzi, na mwili mzima umezungukwa na ngao ya nishati inayojijaza yenyewe ikipata nafasi.

Hapo kwenye ngao ndipo mambo yote yalipo. Wewe nawe unayo ya aina hiyo. Ukijificha nyuma ya jiwe ili yako ijae, yake pia inajaa, na yeye anajua kujificha kuliko wewe. Unatoka umepona, naye anatoka amepona, tena safari hii ametokea upande ambao hukuutazamia. Gemu nyingi nilizocheza, adui ni gunia la risasi: unamimina tu hadi lianguke. Huyu ukimmiminia bila mpango unabaki na bunduki tupu, yeye bado anang'aa. Bunduki ya kawaida ya Halo ya kwanza inabeba risasi 60 kwa magazini moja, na nimezimaliza zote 60 kwa Elite mwekundu aliyekuwa anarukaruka pembeni, nisimwachie hata alama.

Nimetaja mwekundu kwa sababu rangi ndiyo cheo. Bluu ni wa kawaida. Mwekundu ni mkubwa wake, ngao yake inakawia kuvunjika. Wa dhahabu ndiye bwana mkubwa, na mara nyingi mkononi ana upanga wa nishati ambao hauhitaji kukugusa mara mbili. Wapo pia wasioonekana, unaona hewa tu inatikisika kama moto wa makaa unavyotikisa hewa juu ya jiko. Mpwa wangu akiona dhahabu hanyamazi: "Anko, mdosi amekuja, mdosi amekuja!"

Sasa nieleze jinsi tunavyomtoa, maana niliteseka wiki nzima kabla ya kujua. Risasi za binadamu hazina nguvu kwa ngao. Plazma, silaha yao wenyewe, ndiyo inayoila. Grunt akifa hudondosha bastola ndogo ya plazma. Mimi nilikuwa naipita nikiidharau, kidude kile chenye mlio wa filimbi. Mpwa wangu ndiye aliyegundua kwamba ukibonyeza ukashikilia, inakusanya mpira wa kijani unaovimba, na ukiuachia unamfuata Elite hata akikwepa kidogo. Ukimpata, ngao inapasuka yote kwa mara moja. Hapo unabadilisha haraka, unachukua bastola yetu ya risasi 12 iliyo na darubini, moja ya kichwa, kwisha. Mpira, badilisha, kichwa. Siku ya kwanza tulipofaulu mara tatu mfululizo nilimnunulia chapati mbili.

Lakini usidhani ni dawa ya kila siku. Wakiwa watatu, wakati unakusanya mpira kwa ajili ya mmoja, wengine wawili wanakuchapa, na plazma yao ikikupata inakupunguzia mwendo, unakuwa kama mtu anayekimbia kwenye matope ya Aprili. Tena uhai wa Halo ya kwanza haurudi wenyewe. Ngao hurudi, lakini uhai ulio chini yake mpaka uokote sanduku la dawa. Kwa hiyo kuna nyakati unafika mbele ya Elite wa dhahabu ukiwa na vipande viwili vya uhai, unajua kabisa kosa moja ni kaburi.

Njia nyingine ni guruneti la plazma, lile la bluu linalonata. Ukimbandika nalo amekufa, ila hakubali kufa peke yake. Ananguruma, anakuja mbio moja kwa moja kwako ili mlipuke pamoja. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, kwa sababu nimeshawahi kuliona. Sisi tuliokulia Khayega na Malinya tunajua fahali wa mapigano anavyobadilika. Asubuhi na mapema, ngoma za isukuti zinalia, watu na matawi yao wamewazunguka, mafahali wawili wanasukumana taratibu, wanapimana, kila mmoja anatafuta pembe ipite wapi. Kisha mmoja anaumia, na kutoka hapo hakuna tena kupimana. Anapita popote, na wewe uliyekuwa ukishangilia ndiwe unayetafuta mti. Elite ni hivyo hivyo. Mwanzoni anakupima. Ukimvua ngao, mara nyingi anarudi nyuma kujificha kama mwenye akili timamu. Lakini ipo siku anasimama, anapanua mikono, anatoa ule mlio, na ujue hapo mazungumzo yamekwisha.

Niliwahi kusoma jambo lililonifungua macho kuhusu hili. Mwaka 2002 watu wa Bungie walieleza kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu kwamba walipowapa adui uhai zaidi wakati wa majaribio, wachezaji walisema adui wana akili zaidi. Akili yao haikuwa imeguswa. Ni kwamba sasa waliishi muda wa kutosha kuonekana wanafikiri. Nikaiacha kazi yangu pale pale, nikawasha mashine, nikapandisha gemu kutoka kiwango cha kawaida, Normal, hadi kigumu zaidi, Heroic. Kweli tupu. Kwenye Normal, Elite wa bluu anakufa kabla hajafanya lolote la maana. Kwenye Heroic unamwona anaruka guruneti, anakupokonya nafasi, anasubiri upandishe kichwa. Adui ni yule yule, niliyekuwa nikimuua mapema mno.

Ndiyo maana nasema anayenunua gemu hii aanze Heroic, asiogope. Legendary, kiwango kigumu kuliko vyote, ni habari nyingine. Kwa Halo ya kwanza inachezeka, ingawa bluu wengi wanageuka wekundu na subira inakuwa nusu ya silaha. Kwa Halo 2 ya mwaka 2004, Legendary sipendekezi kwa mtu mwenye shinikizo la damu. Kuna Jackal wadunguaji ambao unapiga kona tu, umekufa, hata mlio hujausikia. Huko sikuona ujuzi, niliona kukariri nani amekaa dirisha gani. Nilijaribu jioni mbili nikaacha, na sirudi.

Kuna hatua ya tatu ya Halo ya kwanza inayoitwa The Truth and Reconciliation. Unaanza usiku mlimani na bunduki ya mdunguaji, Grunt wengine wamelala, unawapita kimyakimya, mwisho unaingia ndani ya meli yao. Kwenye chumba cha nahodha wa meli yupo wa dhahabu na upanga wake. Pale ndipo chuoni niliuawa mara tisa. Safari hii tulikuwa wawili, kioo cha tivi kimegawanywa, mimi juu, kijana chini. Mkicheza wawili mmoja akifa, mwenzake akibaki salama mbali na vita, aliyekufa anarudi. Kwa hiyo wa dhahabu aliniua, kijana akakimbia kwenye korido kujificha mpaka nikarudi. Akaniua tena, kijana akajificha tena, pedi ikimvuta kushoto anaparaza ukuta. Mara ya tatu nikamwambia, "Mimi nitakuwa ng'ombe wa kafara. Wewe mpira." Nikajitokeza, wa dhahabu akanijia, nikarudi kinyumenyume nikimmiminia. Mpira wa kijani ukapita sikioni kwangu. Ngao ikapasuka. Upanga ulikuwa umeshanyanyuliwa, na mimi nikafanya kitu ambacho hata sasa sijui nilikitoa wapi: sikupiga risasi, nilimgonga kwa kitako cha bunduki, yeye akayumba, risasi zilizobaki zikamaliza. Akaanguka kwenye ile sakafu ya zambarau, na upanga wake ukapotea. Kwenye Halo ya kwanza huwezi kuuokota, nami nilikuwa nimeshaushikia njaa.

Nyumba nzima iliamka. Dada yangu alitoka akauliza nani ameibiwa.

Yapo yanayoudhi. Sidi pekee haitoshi, na mkusanyiko wote unapita gigabaiti 100. Kwa bando la simu hilo ni ng'ombe mzima. Nilichofanya ni kufunga mashine kwenye blanketi, nikapanda boda mpaka kwa jamaa yangu mwenye intaneti ya waya, ikalala kwake usiku mbili. Habari njema ni kwamba unaweza kuchagua sehemu za kupakua. Kama shida yako ni Elite kama mimi, chukua Halo ya kwanza, Halo 2 na Halo: Reach. Halo 3 iache kwanza: kufikia hapo Elite wamehamia upande wako, unapigana na Brute, manyani wakubwa wenye hasira, na hasira bila akili inachosha haraka. Halo 4 wanarudi kuwa adui, ila mimi sikuwaonea raha ile ile.

Reach, ya mwaka 2010, ndiyo inayokaribia. Humo Elite wanasema lugha yao wenyewe, hakuna tafsiri, na kutoelewa wanachoambizana nyuma ya ukuta kunatia baridi ya kweli. Wanakimbia zaidi, wanajikinga zaidi, na vyeo vimeongezeka hadi ukichanganyikiwa usione aibu. Mpwa wangu anaipenda kuliko ya kwanza. Tumebishana hilo mpaka chai ikapoa.

Kwenye ya kwanza, kitufe kimoja kinabadilisha picha kutoka mpya hadi za mwaka 2001. Picha mpya ni nzuri mno, kila kitu kinameremeta, na ndiyo shida yake: sioni adui. Mimi vitani nacheza na picha za zamani, nikimaliza nabonyeza nitazame mandhari. Nusu ya pili ya gemu hiyo inaletwa na viumbe wengine, Flood, wanaokuja kwa wingi kama kumbikumbi baada ya mvua. Ipo hatua nzima ya kuwapiga hao tu, ndani ya jengo lenye korido zinazofanana. Nililala usingizi nikiwa nimeshika pedi.

Na mvua yenyewe. Kakamega hii, saa tisa alasiri wingu linatokea, radi inaanza, na mtu mwenye akili anachomoa kila kitu ukutani. Stima ikipotea ghafla usitegemee gemu ilikumbuka ulipofikia. Mara mbili tumeanza hatua upya tukiwa tumebakisha mlango mmoja. Siku hizi tunacheza asubuhi, au usiku baada ya saa tatu, tivi ikiwa imepunguzwa sauti kwa amri ya dada.

Jirani ameona na sasa anataka kuinunua mashine kwa 20,000. Nimemwambia asubiri. Tuko hatua ya tano, Legendary, kwenye moja ya madaraja juu ya theluji. Ng'ambo yuko mwekundu mmoja ambaye hatoki nyuma ya nguzo hata umtupie nini. Anachungulia, anapiga mbili, anarudi. Kijana anafunga shule Ijumaa. Nimempigia simu nikamwambia asije na pedi ya kuazima, ile mbovu ndiyo imeshamjua yule jamaa.