Matunguu ya lili: bidhaa nzuri, mikono mibaya

Nyota moja, na hiyo moja ni ya matunguu, muuzaji asijisifu.

Nilinunua sita, aina ya Stargazer, duka moja hapa Arusha, kipupwe kikikaribia. Yalikuwa yametundikwa kwenye mfuko wa wavu karibu na dirisha la jua, kama vitunguu maji. Kosa lote lilianzia hapo. Kitunguu maji kina ganda kavu, kitakaa miezi. Tunguu la lili halina ganda. Ni magamba meupe yaliyolaliana, yako wazi, na hata likipumzika halilali fofofo. Likipigwa na joto na ukavu, magamba ya nje hunywea. Na kama limeshapata baridi yake ya wiki kadhaa, ile inayoliamsha, huko Uholanzi linakotoka, linachipua tu, liwe udongoni lisiwe. Mahali pake ni ndani ya makumbi ya nazi yenye unyevu kidogo, kwenye nailoni iliyotobolewa, nyuzi 2 hadi 5.

Matatu yalishachipua kupitia matundu ya wavu: vichipukizi vyeupe, sentimita nane hivi, vimejipinda kama ndoana kutafuta mwanga. Hapo unachukua mkasi, unakata wavu uzi mmoja mmoja. Kijana wa duka yeye akashika tunguu, akavuta. Tap! Ncha ikabaki kwenye wavu. Nikamwambia, kaka, umelivunja. "Dada, litatoa lingine hilo, kwani kitunguu si kitunguu?" Akashika la pili. Tap!

Halitoi! Maua yote ya msimu mzima yamo ndani ya ncha hiyo moja. Ikikatika, tunguu linaweza kuishi, likarudi mwakani kama lina nguvu, lakini mwaka huu umenunua majani, tena ukibahatika. Bei haikushuka hata shilingi. Nilipolalamika kwa mwenye duka akasema tatizo ni mkono wangu, hauotishi. Mkono wangu!

Haya, yaliyosalimika. Geuza tunguu utazame kitako, pale mizizi inapotokea. Ukungu wa bluu kwenye magamba usikutishe, bandua gamba bovu utupe. Kitako kikiwa laini, cha kahawia na kinanuka, hilo limeoza, usilipande. Langu moja lilikuwa hivyo. Lililokwisha kuchipua usilirudishe kwenye friji, lipande siku hiyohiyo. Ambalo bado, na huna hakika kama limepozwa, liweke droo ya mboga wiki 8, mbali na ndizi na matofaa, maana gesi ya matunda yanayoiva huharibu vichwa vya maua vikiwa bado havijaonekana.

Chungu kiwe na kina cha sentimita 30. Ndoo yenye kina hicho, iliyotobolewa chini, inatosha kwa matatu. Juu ya tunguu weka udongo sentimita 12. Watu wanafukia juujuu kama kitunguu (ndiyo, tena kitunguu), halafu shina linalala. Lili hutoa mizizi mingine kwenye shina, juu ya tunguu, na hiyo ndiyo inayolishika na kulilisha. Wiki tatu za kwanza weka chumba chenye baridi kuliko vyote ulivyonavyo, kisha dirisha la mashariki, ukizungusha chungu robo kila siku mbili. Mwanga ukiwa hafifu, vichwa vya maua vinageuka njano na kudondoka. Maji ya bomba ya maeneo mengi ya huku yana floraidi, ncha za majani zinaungua. Kinga maji ya mvua, umwagilie hayo. Kwa sababu hiyohiyo usitie mbolea ya TSP, nayo ina floraidi.

Matatu yangu yamesimama, na siwezi kusema uongo: maua yapo. Ya waridi iliyokolea, kingo nyeupe, yanatazama juu, na harufu inajaza nyumba hadi jikoni. Kwa ubora wa matunguu yenyewe ningetoa nne. Ng'oa vichwa vya chavua mapema, kabla havijapasuka; unga ukishaingia kwenye pazia, usifute kwa maji, utoe kwa utepe wa gundi (selotepu).

Halafu nakumbuka hawakuniambia neno kuhusu paka. Paka akilamba chavua ya lili, akitafuna jani, hata akinywa maji ya chombo kilichowekwa maua hayo, figo zinakufa ndani ya siku chache. Kila sehemu ya mmea ni sumu kwake. Duka linauza maua ya ndani, na paka wao wenyewe amelala juu ya kaunta! Narudi kwenye moja.

Au mbili, maana ua la tatu limefunguka asubuhi hii. Ukienda, nenda siku mzigo unapoingia, kabla haujatundikwa, na ubebe mkasi wako.