Msikiti wa Kizimkazi: bati lisikudanganye
Mwambie dereva Dimbani, si Mkunguni. Watu huvichanganya sana vijiji hivi viwili vya Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Ukiliona paa la bati utadhani msikiti wa juzi. Ingia. Ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la tumbawe, mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, ncha za herufi zikijikunja kama maua. Hayo peke yake yanatosha kukutoa mjini. Jengo lilijengwa upya karne ya 18, na bado linasaliwa: epuka nyakati za sala, vaa stara, muone mwangalizi kwanza. Maandishi usiyashike. Na wanaoukarabati, nyufa wazizibe kwa chokaa, si saruji. Saruji hufungia unyevu, chumvi ikasukuma plasta hadi ikabanduka.