Kipimo cha mboga kwa kidole: maoni yangu kuhusu Veggie Meter

Aisee watu wangu, kuna hiki kipimo cha kukadiria unavyokula mboga na matunda, kinaitwa Veggie Meter, nimekikuta hapa North Carolina kwenye siku ya afya ya mtaani, bure kabisa, na nimeona niandike kwa urefu manake watu wetu wengine walitoka pale wamenyong'onyea na wengine walitoka wanadhani wamepewa cheti cha uzima, na yote mawili sio. Mashine naipa nyota 4 kati ya 5, iliyobaki ntasema huko chini.

Unanawa mikono, unaikausha, unaingiza kidole kwenye kitundu cha mashine, kinakandamizwa kidogo kwenye lenzi, mwanga mweupe unapigwa kwenye ngozi na mashine inasoma ule unaorudi. Hamna sindano, hamna damu, hakiumi, ni sekunde chache tu namba inatokea kwenye kompyuta, inaanzia 0 mpaka 800. Kinachotafutwa ni karotenoidi, yaani zile rangi za njano, za chungwa na nyekundu zilizomo kwenye karoti, embe, papai, boga, nyanya, halafu ziko nyingi tu kwenye mchicha, sukuma, matembele, ila kule kijani kinazifunika huzioni. Mwili hauzitengenezi, zote zinapitia mdomoni, zinaingia kwenye damu, zingine zinaenda kukaa kwenye mafuta ya mwili na kwenye ngozi. Sasa karotenoidi zinameza mwanga wa bluu, kwa hiyo ukiwa nazo nyingi bluu inayorudi inapungua, ndo namba inapanda. Na lile la kukandamiza kidole ni kusukuma damu pembeni, manake wekundu wa damu nao unameza mwanga, ungevuruga hesabu.

Najua swali lenu, na mimi ndo nililomuuliza dada aliyekuwa anapima: dada, hii imetengenezwa kwa ngozi kama yangu kweli? Swali la haki kabisa, kwa sababu melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, nayo inameza bluu. Akanieleza vizuri. Ncha ya kidole na kiganja vina melanini kidogo kwetu sote, we jiangalie tu kiganja, na ngozi ya juu pale ni nene, halafu kwenye hesabu mashine inajaribu kutoa mchango wa melanini na wa damu. Teknolojia iliyotangulia, ile ya Raman iliyoanzia Chuo Kikuu cha Utah na kuingia sokoni mwaka 2003 kama skana ya kiganja ya kampuni ya Pharmanex, ilitumia mwanga wa bluu na haikuwa na hilo sahihisho. Veggie Meter ya kampuni ya Longevity Link, huko huko Utah, ndo ikaja na njia hii ya kusoma mwanga unaorudi. Wajapani nao wana ya kwao, Vege-Check ya Kagome, tangu 2019, unaweka kiganja tu. Hata hivyo ushauri wangu ni usilinganishe namba yako na ya jirani. Linganisha yako ya leo na yako ya baadae.

Kwa nini nimeipenda? Kwa sababu njia ya kawaida ya kujua watu wanakula nini ni kuwauliza, na mtu akiulizwa mwezi uliopita umekula mboga mara ngapi, nani anakumbuka? Na tukikumbuka tunaongeza kidogo, hasa anayeuliza akiwa kavaa koti jeupe. Kupima karotenoidi kwenye damu ndo kipimo kinachoaminika lakini kinataka sindano, maabara na hela. Ngozi inabeba habari za wiki kadhaa nyuma, sio za chakula cha jana, na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani waliwahi kuwalisha watu mboga na matunda kwa mpangilio, ngozi ikapanda, walipopunguziwa ikashuka. Kwa watoto wasiotaka sindano, na kwa wazazi wetu ambao fomu ya Kiingereza inawachosha, hiki ni kitu cha maana sana.

Lakini sasa sikilizeni. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja wa Kikongo, namba yake ikatoka chini, akaumia kweli, akaniambia mwanangu mimi mboga nakula kila siku, nyumba yangu haikosi. Nikamuuliza mama, mboga gani? Kabichi, maharage, vitunguu, ndizi. Na ugali wa sembe nyeupe. Ni chakula kizuri, kina nyuzinyuzi na virutubisho kibao, asiache hata kimoja, ila karotenoidi humo ni kidogo mno na mashine haioni kingine chochote. Hiyo sio afya mbaya, ni mashine inapima kitu kimoja tu. Angekuwa anakula unga wa mahindi ya njano kungekuwa na kitu, hata kiini cha yai kinacho.

Halafu tukafika kwenye mawese, hapo ndo nilifurahi. Mawese mekundu ni moja ya vyakula vyenye karotini (aina mojawapo ya hizo karotenoidi) nyingi kuliko karibu vyote, ule wekundu wenyewe ndo karotini. Kumbe mama anayapasha mpaka yanageuka meupe ndo anakaangia, kama wengi wanavyofanya kutoa harufu. Moto mkali hivyo unaiua karotini, anabaki na mafuta tu. Nikamwambia mama, weka mwishoni mwishoni, moto mdogo, yabaki na rangi. Na hili la mafuta linatuhusu wote, karotenoidi zinaingia mwilini zikiwa na mafuta, kwa hiyo mchicha wa nazi na kisamvu cha karanga vina faida kuliko majani yaliyochemshwa na chumvi tu, na karoti iliyopikwa inaachia zaidi kuliko mbichi. Viazi lishe vya njano navyo msivisahau, mwanasayansi wa Uganda Robert Mwanga na wenzake walipewa Tuzo ya Chakula Duniani 2016 kwa kazi hiyo ya vyakula vilivyoboreshwa.

Vitu vingine vinavyoshusha namba: sigara, unene, na maumbile tu, watu wawili wanaweza kula sahani moja na namba zikapishana. Na jamani, namba hii haisemi una vitamini A ya kutosha au huna, wala haigundui ugonjwa wowote. Ukiwa na wasiwasi nenda kwa daktari.

Kitu kilichonikasirisha hakikuwa hapo, ni kwenye mkusanyiko mwingine, jamaa kaja na skana yake ya kiganja, anapima watu, namba ikiwa chini anatoa chupa ya vidonge. Vidonge vitapandisha namba kweli, lakini umeongeza rangi tu, ile foleti, potasiamu na nyuzinyuzi za kwenye mboga hujala. Na kwa mvuta sigara ni hatari, sio maneno matupu: utafiti mkubwa wa Finland uliotangazwa 1994, na wa CARET hapa Marekani uliosimamishwa 1996, vyote vilikuta waliopewa vidonge vya beta-karotini wanapata saratani ya mapafu zaidi, sio pungufu. Mchicha haujawahi kumfanyia mtu hivyo. Kwa hiyo ukipimwa na mtu ambaye anauza dawa pembeni, shukuru, ondoka.

Nyota niliyoipunguza sasa. Waliokuwa wanapima walikuwa wapole sana lakini karatasi waliyogawa ina picha za brokoli na keili, hakuna matembele, hakuna majani ya maboga, hakuna mawese, na hakuna neno moja la Kiswahili wakati nusu ya foleni ilikuwa ni sisi. Nimewaachia orodha ya vyakula vyetu, wamesema wataiingiza. Watarudi tena. Kama ulipimwa siku ile nenda, tumia kidole kile kile na mashine ile ile, na usitegemee mabadiliko kwa wiki moja, ngozi inachukua wiki kadhaa. Mashine yenyewe ni maelfu ya dola, sio ya kununua kuweka nyumbani, ulizeni kwenye kliniki na masoko ya wakulima ya karibu yenu.