Sigiri ya udongo (jiko la makaa) kwenye baridi ya Kabale, nimeitumia acha niwaambie

Mtu wa Arua, kule kwenye joto kaskazini magharibi, ukimwambia Uganda kuna baridi anacheka, mpaka aolewe Kabale, kusini magharibi. Huku tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai usiku unashuka mpaka nyuzi 10 hivi, asubuhi ukungu umelala bondeni huoni hata ng'ombe wa jirani, nguo ulizofua juzi bado mbichi kwenye kamba. Theluji ya Ulaya hatuna sawa, lakini wenzetu wana hita ndani ya nyumba, sisi tuna matofali na mabati basi. Joto letu ni blanketi, chai na moto wa jikoni, na moto wa jikoni siku hizi ni hela.

Makaa yamepanda jamani. Mei 2023 rais alipopiga marufuku makaa ya biashara kule kaskazini, Kampala gunia likavuka laki, na wauzaji wa huku ambao makaa yao hata hayatoki kaskazini nao wakapata sababu. Na hapo sisi nyumbani tulikuwa bado tunajikokota, maana biashara ya mzee wangu, baba watoto, ilikuwa Katuna, mpakani na Rwanda, na mpaka huo ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa mwisho wa Januari 2022, katikati hapo korona nayo ikapita, we acha tu. Ndio nikasema ile sigiri ya bati tupu inayomwaga joto lote pembeni sasa basi, nikachukua ya udongo kwa fundi wa sokoni, elfu 35, saizi ya kati.

Mnaijua, nje bati, ndani udongo wa kuchoma, kiuno chembamba, mlango mdogo wa hewa chini, ndugu ya lile jiko walilobuni Kenya miaka ya 1980. Udongo unashika joto na mlango unakupa usukani. Maharage nayaloweka usiku, asubuhi nawasha mlango ukiwa wazi kabisa, yakishatokota nauziba nabakiza upenyo wa kidole, nafunika sufuria, naenda shambani, nikirudi yameiva na makaa bado mekundu. Kwa sigiri ya zamani hapo ningekuwa nimeongeza makaa tena na tena. Ndoo niliyokuwa naimaliza kabla wiki haijaisha sasa inavuka mpaka wiki ya pili, na hapo napikia watu wengi, si mchezo.

Lakini mimi hasa nimeipendea jioni. Jikoni kwetu ni kajumba ka pembeni, kameachana na nyumba kubwa, zamani watu wanakula haraka wanakimbilia blanketi. Sasa posho (ugali) ikishaondoka motoni sigiri inabaki na joto saa nyingi, naweka chai ya tangawizi, mama mkwe anavuta kigoda chake na obushera yake (kinywaji cha mtama), watoto wanapanga viazi vidogo juu ya makaa ya mwisho wanagombania vilivyoungua ganda, mzee naye anakuja kusikiliza redio huko huko. Hakuna aliyepanga, ni joto tu limewavuta. Kipindi ambacho hela ilikuwa haipo kabisa hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu, na sioni aibu kusema.

Sasa ubaya wake. Kuwaka inachelewa, kama unataka chai ya haraka mtoto aende shule utaumia roho. Nzito. Masikio ya kushikia yalilegea mapema, halafu udongo ukaanza kucheza ndani ya bati, fundi akajaza simenti iliyochanganywa na majivu akanitoza tena, wakati kazi mbovu ni ya kwake.

Na kuna hili limeniudhi kuliko yote, muuzaji anakuambia usiku ingiza chumbani mlale vizuri. Hapana!! Makaa yakishakuwa mekundu hayatoi moshi ndio maana watu wanadanganyika, lakini ile gesi ya kaboni monoksidi ipo, haina harufu wala rangi, mnafunga dirisha sababu ya baridi, asubuhi hamuamki. Sigiri ya udongo au ya bati, zote sawa kwa hilo. Mama mkwe alinibishia, "Mwanangu, mimi nimeota moto tangu nizaliwe." Nikamwambia, "Ndio mama, lakini jiko lenu lilikuwa la nyasi, hewa inapita kila mahali, hiki chumba ni simenti na vioo." Alinyamaza, siku mbili tatu ananiangalia vibaya, baadaye tukaelewana, joto linalobaki kwenye sigiri namchemshia maji, najaza kwenye kidumu kidogo, nakifunga vizuri na kitenge, anaingia nacho blanketini miguuni. Siku hizi nikisahau ananiita kwa sauti mpaka jirani anasikia.

Kwa jumla naipa nne kwa tano, hiyo moja nimekata sababu ya masikio na mdomo wa muuzaji. Ukienda kununua chukua saizi inayoendana na sufuria yako ya maharage, kubwa itakula makaa bure. Gonga udongo kwa kidole, ukilia vizuri lipa, ukitoa sauti iliyopooza kuna ufa. Na zile zilizopakwa rangi mpaka ndani achana nazo, rangi inaficha nyufa.