Makala za kuagiza au maswali ya wakulima? Uzoefu wangu na tovuti ya korosho, Mtwara

Ninaendesha tovuti ndogo ya Kiswahili kuhusu korosho, makazi yangu yakiwa Mtwara mjini. Wasomaji wangu ni wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea, pamoja na watoto wao walioko Dar es Salaam ambao humpigia mzee simu na kumsomea walichokiona. Kufungua tovuti si kazi. Kazi ni kupata cha kuweka humo wiki baada ya wiki, tena kitu ambacho mkulima akikifuata hakitamtia hasara. Naandika haya kwa anayefikiria kununua makala, kwa sababu mimi nimezinunua, na nimetumia pia chombo cha bure, Google Search Console, ambacho kimenifaa kuliko zote.

Huduma niliyoitumia, jina lake naliacha, ni ya kuagiza: unajaza fomu, unataja mada na idadi ya maneno, unalipa kwa simu, makala inakuja kwenye barua pepe. Kwa muda hawana lawama, walileta kwa wakati kila mara. Kiswahili chao kilikuwa safi, aya fupi, vichwa vidogo vimekaa vizuri. Mtu asiyeijua korosho angeziweka zile makala hewani bila wasiwasi.

Tatizo lilikuwa ndani. Makala ya uvunaji ilimfundisha mkulima kuchuma korosho mtini. Huku kwetu korosho inaokotwa. Inaachwa ikomae mpaka idondoke yenyewe pamoja na bibo lake, yaani lile tunda laini, na ndiyo maana watu hufyeka na kufagia chini ya mikorosho kabla ya msimu. Ukishaokota unatenganisha korosho na bibo, unaanika juani, ndipo unapeleka ghalani. Anayechuma mbichi anapata punje changa, na daraja linashuka.

Makala ya masoko ndiyo iliyoniudhi zaidi. Ilimshauri mkulima atafute mnunuzi mwenye bei nzuri na amuuzie moja kwa moja shambani. Korosho ghafi za mikoa yetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008: mkulima anapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mzigo unakwenda ghala kuu, halafu mnada. Anayepita vijijini kununua pembeni kwa vipimo vya bakuli tunamwita kangomba, na serikali imekuwa ikimsaka miaka yote hiyo. Yaani ushauri ule ungempeleka msomaji wangu kwa mtu yuleyule anayemnyonya. Nilizirudisha makala zote mbili. Walirekebisha bila kubishana, na hilo nawasifu, lakini agizo lililofuata lilikuja na kasoro za namna ileile, kwa kuwa mwandishi alikuwa anakusanya habari za nchi nyingine na kuzigeuza ziwe zetu.

Kuhusu makala za bure za kunakili, sitasema mengi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kazi ya mtu ni mali yake hata kama imeachwa wazi kwenye intaneti. Wikipedia inaruhusu kutumia maandishi yake, ila lazima uitaje na utoe kazi yako kwa leseni ileile. Google nayo ilianza kuzishusha kwenye matokeo ya utafutaji tovuti za makala za kujazia tangu mabadiliko yaliyoitwa Panda, Februari 2011, na Machi 2024 ikatangaza kanuni dhidi ya makala zinazozalishwa kwa wingi ili kuvuta watafutaji tu, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine.

Chombo kilichobadilisha kazi yangu ni Google Search Console. Ni bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, kwa mfano kwa kubandika mstari mmoja wa msimbo kwenye ukurasa wa mwanzo, kisha data zinaanza kukusanywa. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika Google mpaka kurasa zako zikatokea, zilionekana mara ngapi, zilibonyezwa mara ngapi, na zilikaa nafasi ya ngapi. Kumbukumbu zake zinafika miezi 16, kwa hiyo unaweza kulinganisha msimu huu na uliopita.

Mimi hutafuta kwanza maneno yaliyoonekana sana na kubonyezwa kidogo. Hapo pana mtu aliyeuliza, Google ikamletea ukurasa wangu, naye akaona haumjibu. Kwa njia hiyo niligundua kwamba watu hawaulizi salfa, dawa ya mikorosho, ni nini. Wanauliza inapigwa saa ngapi, mkorosho ukiwa katika hali gani, na kama mvua ikinyesha baada ya kupiga wafanyeje. Makala niliyokuwa nayo ilieleza ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao salfa huuzuia, kwa kirefu na haikugusa hata swali moja kati ya hayo.

Nilikwenda kuuliza wanaojua. Mzee mmoja tuliyekutana kwenye AMCOS alinijibu papo hapo: "Mwanangu, salfa ya unga ni alfajiri. Majani yana umande, inashika. Jua likipanda na upepo ukaanza, umempulizia jirani." Nikayapeleka maelezo hayo kwa wataalamu wa Naliendele, kituo cha utafiti kilicho hapahapa Mtwara, ili vipimo na ratiba visitoke kichwani mwangu. Makala iliyotokana na safari hizo ni fupi kuliko zote nilizonunua, na ndiyo inayosomwa zaidi kila ifikapo Juni.

Search Console ina mapungufu. Tovuti mpya kabisa haitaona kitu, maana hakuna anayeifikia bado, hivyo mwanzoni utategemea maswali ya watu ana kwa ana. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno yanafichwa ili kulinda faragha yao, na huku kwetu maswali mengi ni ya wachache. Takwimu zake pia huchelewa, kwa hiyo usiitegemee kwa habari ya mnada wa leo.

Ile huduma ya makala sijaiacha. Siiagizi tena iniandikie kuhusu korosho. Naipelekea makala niliyokwisha kuandika, wanipangie vichwa na kusahihisha tahajia. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne. Kwa kuandika jambo la shamba toka mwanzo, nyota moja. Search Console naipa tano, kwa sharti kwamba una nauli ya kwenda kumtafuta mwenye jibu.