Boma la Arusha au Msonge wa Marangu?
Mwalimu wa usanifu wa ndani aliyeko Arusha, akitaka kuwafundisha wanafunzi wake urithi wa utamaduni, anaweza kuwapeleka kwenye Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 na ambalo sasa ni Makumbusho ya Historia Asilia, au kusafiri nao hadi Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, wakaione nyumba ya msonge ya Wachaga.

Boma liko karibu, na linafaa sana kwa somo la kubadili matumizi ya jengo la zamani bila kulibomoa.

Msonge, hata hivyo, una mengi zaidi ya kufundisha. Paa lake la nyasi hushuka hadi karibu na ardhi, hivyo ni vigumu kusema ukuta unaanzia wapi. Ndani, watu wana upande wao na mifugo ina wake, mafiga yanatoa mwanga na joto, na moshi hupanda darini ukakausha vilivyohifadhiwa huko. Mwanafunzi anayeinama mlangoni na kusubiri macho yazoee giza huelewa kwamba hata joto la ng'ombe lilikuwa sehemu ya usanifu, kwa kuwa usiku wa mlimani una baridi kali. Picha haiwezi kumpa maarifa hayo, na inasikitisha kuona urithi huu ukifanywa kuwa ngao na shanga za kutundika ukutani mwa hoteli.

Fedha zikitosha safari moja tu, ningechagua Marangu, na kila mwanafunzi apime na kuchora ramani ya ndani kwa mkono wake.